Miguu ya Nyuma ya Marigold

Shamba la Hollin, Herefordshire
3 Februari 1997

Baba Mkubwa Wilf,

Salamu kutoka matopeni. Mama naye anakusalimu, ingawa kwa shingo upande, unamjua. Nyonga yake mpya inamwezesha kupanda ngazi, na sasa anazipanda kila saa ili majirani wasikie. Pauline, mpwa wa Mama, amejifungua mtoto wa tatu, wa kiume, wamempa jina ambalo Mama anakataa kulitamka. Mimi ni mzima. Nimepungua kilo nne tangu Novemba, si kwa kujinyima bali kwa jasho.

Na jasho ndilo linalonifanya nikuandikie. Kwenye kadi ya Krismasi nilikuambia nimepata kazi ya televisheni, nikaishia hapo kwa kukuogopa. Kipindi chenyewe kinaitwa Wabobolo, cha watoto wa miaka miwili hadi minne. Tuko wanne: Pim wa zambarau, Wuzi wa kijani, Ogo wa samawati, na Dodeli wa rangi ya chungwa, ambaye ni mimi. Tunaishi ndani ya birika kubwa la chai katikati ya malisho. Hatuna maneno, tunasema "bobo" kisha tunacheka. Dodeli ana kimo cha futi saba na masikio kama majani ya kabichi. Mimi naona kupitia mdomo wake, na mkono wangu wa kushoto unavuta kijiti kinachofumba kope zake. Kuna mabata bukini wamewekwa pale kupamba malisho, nao wananichukia kwa moyo wote.

Si hao tu. Kuna mwanamke anaitwa Daktari Strickland, msomi wa akili za watoto. Anawakalisha watoto ishirini mbele ya skrini, yeye anajificha nyuma ya kioo na penseli, anaweka alama kila mtoto anapogeuza uso. Pim akitokea, watoto wanatulia. Dodeli akitokea, wanatafuta viatu vyao. Jaribio la pili ni tarehe kumi na nne Juni. Nikianguka tena, vazi linabaki na mimi naondoka.

Naitaka kazi hii, Baba Mkubwa. Nina miaka thelathini na minne, kumi kati yake nimewafundisha watoto wa Bolton kugonga viatu sakafuni kwa mpigo, na hii ni mara yangu ya kwanza kuvaa ngozi, kama mnavyoliita vazi la mnyama. Tena mimi ni Ormerod. Wewe na Baba mlikaa ndani ya Marigold Krismasi ishirini na mbili, wewe miguu ya mbele, yeye ya nyuma. Ng'ombe wa kitambaa wa michezo ya jukwaani ya Krismasi, lakini kila alipopelekwa sokoni kuuzwa wanawake walilia na wanaume wakajidai wanakohoa. Nilikuwa pembeni mwa jukwaa, nimeegemea ndoo za mchanga wa kuzimia moto, sikuondoa macho kwenye kichwa chako. Nakumbuka kila kilivyoinama, kila kope ilivyoshuka. Nayafanya yote hayo, na watoto wanatafuta viatu.

Ninakosa nini? Niambie.

Wako,
Lorraine


Kwa Bi Entwistle, Morecambe
11 Februari 1997

Mwanangu Lorraine,

Barua yako imefika, na imenikuta nakula samaki wa moshi, nikashindwa kummaliza. Mimi sijambo. Kifua kinakoroma kama kawaida yake wakati wa baridi. Bi Entwistle, mwenye nyumba wangu, ameanza kumlea mjukuu wake mchana, kitoto cha kike kinachonata kila kinapogusa. Msalimie mama yako. Mwambie asinisalimie kwa shingo upande, itamuuma.

Sasa, hayo ya birika. Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani unanitania. Mtu mzima, mwana wa Leonard, mjukuu wa Enoch Ormerod aliyecheza bata mzinga mbele ya meya wa Leeds, anasimama malishoni amevaa kabichi na kusema "bobo". Hata Marigold hakusema "bobo". Marigold alisema "muu", mara moja, kwenye sehemu ya pili, na alikuwa na sababu.

Hiyo si ngozi, mwanangu. Ni godoro lenye miguu. Ngozi ni kazi ya watu walioketi mbele yako, watoto elfu moja wenye pipi mfukoni, na wasipokupenda wanakurushia. Wewe unachezea kioo na penseli. Huyo daktari wako nampa dakika tano katika maonyesho ya Jumamosi mchana pale Oldham, atajua watoto wanawaza nini.

Na unaniuliza siri ya miguu ya mbele kama mtu anayeomba mapishi ya keki. Sheria ya ngozi unaijua, umekulia ndani yake. Mambo ya mbele huambiwa aliyetumikia nyuma Krismasi saba. Mimi nilitumikia nyuma ya babu yako saba kamili, naye alipenda sana kabichi. Wewe umetumikia ngapi? Basi.

Rudi Bolton ukagonge viatu. Hiyo angalau ni kazi.

Baba yako mkubwa,
W. Ormerod


Shamba la Hollin
2 Machi 1997

Baba Mkubwa,

Mama anaendelea vizuri. Pauline bado ana mtoto mwenye jina lile. Nimekaa siku nyingi bila kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi, na Mama alinifundisha kutotumia stempu kwa matusi.

Unatudharau, sawa. Usidhani sisi hatudharau. Ungemwona mtayarishaji wetu, Bwana Jolyon, anayevaa miwani ya jua ndani ya birika. Juzi alinivua kichwa akaniambia, "Lorraine, mpenzi, Dodeli anahitaji kuwa na uchungwa zaidi."

Nikamuuliza, "Uchungwa ndiyo nini?"

"Ukiwa nao, utajua tu," akasema, akaenda kunywa kahawa. Jamaa wa ndani ya Pim, Gareth, mtu wa Wales aliyekuwa akiendesha gari la maziwa, akaniambia nisijali, yeye aliambiwa apunguze uzambarau na hakupunguza kitu.

Tofauti ni kwamba Gareth hahitaji kujua. Akikaa tu, watoto wanamtazama. Mimi nimefanya mazoezi mbele ya dirisha la banda mpaka kope zimekatika uzi mara tatu. Daktari Strickland alinionyesha karatasi yake, na nilidhani atakuwa katili, kumbe alinionea huruma, na hilo likaniuma zaidi. Akasema, "Wanamwona mtu ndani."

Kuhusu sheria yako. Baba alitumikia nyuma si Krismasi saba, ishirini na mbili, mpaka Februari ile moyo wake uliposimama jikoni. Hakuwahi kukaa mbele hata siku moja. Kama kuna siri aliyostahili kuambiwa na hakuambiwa, nipe mimi, mimi ndiye niliyebaki wa kwake. Sikuombi kama mapishi ya keki.

Lorraine


Morecambe
9 Aprili 1997

Mwanangu,

Usidhani nimekaa kimya kwa hasira. Kifua kilinilaza wiki tatu. Bi Entwistle alinileta chini sebuleni, kwenye joto, akaniwekea blanketi miguuni kama bibi kizee. Na kwa kuwa sebule ni yake, televisheni ni yake, na mjukuu ni wake, kila siku saa nne asubuhi nimelazimishwa kuwatazama Wabobolo. Nasisitiza neno nimelazimishwa. Nimetazama vipindi saba. Kumi na moja, ukihesabu vile vya marudio.

Sijawahi kuona upuuzi mkubwa kama ule na kukaa macho. Wuzi anatembea kama mtu aliyepoteza funguo. Ogo ni mlevi, usinibishie, nimefanya kazi na walevi. Jua lenu lilipokuja kupiga kengele nilimuuliza Bi Entwistle kama dawa zangu zimechanganywa. Huyo wa zambarau, nakiri, ana makalio mazuri. Maana yangu ni ya kikazi.

Na wewe. Mjukuu alipokuona alisema, "Mwanamke." Bi Entwistle akamwambia, "Siyo mwanamke, ni Dodeli." Kitoto kikasema, "Mwanamke yumo," kikaenda jikoni kutafuta biskuti. Nimeona wachambuzi wa magazeti wa miaka arobaini, hakuna aliyenikata hivyo.

Haya, nakupa kidogo, si siri, ni usafi wa kazi tu. Usifumbe kope zote mbili pamoja, tanguliza ya kulia. Ukigeuza kichwa, anza na pua. Ukitaka huzuni, shusha kidevu halafu hesabu tatu. Hayo hata wa sarakasi wanayajua. Mengine ni ya waliotumikia, na baba yako hayumo katika hoja hii. Usimwingize.

Mama yako asiniletee tena keki ya tangawizi kwa posta. Ilifika unga.

W. Ormerod


Shamba la Hollin
30 Aprili 1997

Baba Mkubwa,

Pole kwa kifua, na sisemi hivyo kwa desturi tu. Keki ilitoka kwangu, Mama hajui.

Nimefanya ulivyosema. Kope ya kulia kwanza, pua kwanza, kidevu na hesabu tatu. Bwana Jolyon akapiga makofi, nikajua mambo yameharibika. Daktari Strickland akawaonyesha watoto watano mkanda wa video wa onyesho hilo, siyo jaribio lenyewe, kunisaidia tu. Watoto hawakutafuta viatu. Mmoja alilia, akapanda mapajani kwa mwalimu na kuficha uso. Wengine wakamwiga. Sasa natisha. Bukini nao wamejifunza saa zangu za kazi.

Kwa hiyo nilikwenda Bolton Jumapili kumuuliza Mama. Alikuwa anamenya viazi, hakuniangalia. Nikamwambia, "Baba Mkubwa anajua kitu na hataki kuniambia."

Mama akasema, "Wilf hajui kitu. Hajawahi kujua."

"Alikuwa kichwa cha Marigold."

"Kichwa kilikuwa na nyuzi mbili, Lorraine. Ukizivuta, macho yanafumba. Paka angeweza." Akaendelea na viazi. Kisha akasema kwamba kila Septemba, mlipoitoa ngozi kuianika juani, Baba alikuomba mbadilishane. Msimu mmoja tu, aone jukwaa. Kila Septemba ulikataa, na kila Septemba alirudi nyumbani akasema, "Labda mwakani." Mama anasema aliyasema hayo mara kumi na tano, kwa sababu miaka saba ya kwanza hakuomba, alikuwa anaiheshimu sheria.

Umeniambia nisimwingize Baba. Namwingiza. Kwa nini ulimkatalia?

Lorraine


Shamba la Hollin
1 Juni 1997

Baba Mkubwa,

Mama mzima, Pauline mzima, mimi mzima. Nimepiga simu kwa Bi Entwistle, ameniambia kifua kimepona na kwamba unakaa sebuleni kila asubuhi saa nne bila kulazimishwa na mtu. Basi huumwi, hutaki tu.

Jaribio ni wiki mbili kutoka leo. Sikuombi tena kuhusu kope. Jibu swali langu, kisha uendelee kunidharau upendavyo, nimezoea.

Lorraine


Morecambe
8 Juni 1997

Lorraine,

Leo sina salamu. Nimezianza mara nne na kila mara nimeona zinanichelewesha makusudi.

Nilipokuwa nyuma ya babu yako, Marigold alikuwa ng'ombe wa kawaida. Gazeti la Rochdale liliandika kwamba "ng'ombe alitosha." Babu yako alipoacha, nikaenda mbele, Len, baba yako, akaingia nyuma, ana miaka kumi na tisa, na Krismasi ileile watu wakaanza kulia. Nilidhani ni mimi. Ungefikiri nini, kama wewe ndiye mwenye kichwa? Mimi ndiye niliyesimama mwisho, ngozi wazi, nikainama kwa watu. Yeye alikuwa bado anajikwamua kwenye miguu ya suruali ya ng'ombe.

Mwaka wa saba, pale Oldham, Len alipata homa siku moja. Wakaniwekea nyuma kijana wa kucheza dansi, mwepesi, mwenye akili. Nilifanya kila kitu kama siku zote. Kope, pua, kidevu, hesabu tatu. Tulipofika kwenye kuuzwa sokoni nikasikia karatasi za pipi. Unajua sauti ile? Ukumbi mzima unafungua pipi. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Wako wangapi ndani?" Kesho yake Len akarudi, bado ana mafua, na watu wakalia.

Nikajua tangu siku ile. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na kundu langu mimi lilikuwa ndugu yangu. Septemba iliyofuata ndiyo ya kwanza kuniomba tubadilishane. Nilimwangalia nikaona jinsi itakavyokuwa: yeye mbele, mimi nyuma, Marigold amekufa, na kila mtu anajua nani alikuwa nani. Nikamwambia hayuko tayari. Nikamwambia ana miguu mizito. Nilimdharau mbele ya watu miaka kumi na tano, Lorraine, kwa sababu ningemsifu mara moja angejua. Na ulipoandika kuniomba siri nikakudharau wewe, maana sina cha kukupa na sikuwa na uso wa kusema.

Unataka kujua alikuwa anafanya nini. Nimejiuliza hivyo kila siku tangu Mei. Sikuwahi kumwona. Mtu aliye mbele haoni nyuma, ni giza na mgongo wako mwenyewe. Ninachojua ni mikono yake. Wa nyuma hushika mkanda wa suruali ya wa mbele, na kila nilipotaka kupiga hatua, alinishika. Kidogo tu, kama unavyosita kutoka nje mvua ikinyesha. Ndipo anaachia. Kila hatua, kila onyesho. Nilimlaani kwa hilo. Nilimwambia, "Wewe mzito kama gari la makaa." Akasema, "Ng'ombe hajui anakokwenda, Wilf. Wewe ndiye unayejua."

Nilidhani anatoa udhuru.

Ndiyo yote niliyonayo. Sijui kama ni siri. Nakutazama kila asubuhi na unatembea kama mimi, unajua unakokwenda. Kijiti cha kope kiache.

Wilf


Shamba la Hollin
16 Juni 1997

Baba Mkubwa Wilf,

Mama ni mzima. Nilimsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula, akaenda kusimama bustanini.

Ilinifikia Jumanne. Siku nne nilizobaki nazo nilimwomba Gareth anifunge mkanda wa ngozi kiunoni, atembee nyuma yangu malishoni na kunizuia kabla ya kila hatua. Watu wa kamera walicheka mpaka wakakaa chini. Bwana Jolyon akauliza hii ni mbinu gani, nikamwambia ni uchungwa. Siku ya tatu Gareth akaachia mkanda bila kuniambia, na mimi nikaendelea kusita. Kijiti cha kope nilikuwa nimekifunga kwa plasta. Bukini mmoja akaja, akasimama, akaondoka zake.

Jumamosi nilikuwa na Daktari Strickland nyuma ya kioo, nikawaona watoto mwenyewe. Kwenye skrini, Dodeli alitakiwa atoke kwenye birika tu. Akasita mlangoni. Watoto ishirini wakaacha kutafuna. Akaweka mguu mmoja, akasita, na msichana mmoja wa mbele, mwenye bandeji gotini, akamwambia kwa sauti ya chini, "Twende. Hakuna kitu." Akamnyooshea mkono. Daktari aliiweka penseli mezani, na kwenye karatasi yake safu ya Dodeli ilibaki nyeupe.

Wamenipa vipindi vyote mia moja na ishirini. Bwana Jolyon anataka niwafundishe wale wengine, hata Pim. Kwa ajili ya karatasi zao akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia nimefundishwa na baba yangu, Leonard Ormerod, miguu ya nyuma ya ng'ombe Marigold, Krismasi ishirini na mbili. Akaandika yote, akaniomba nimtajie herufi za jina moja moja ili asikosee, nikamtajia.

Kisha akauliza, "Na mbele alikuwa nani?"

Nikasema sikumbuki.

Lorraine